Mashine ya RO nyumbani: tafuta chumvi inapopenyea kabla hujanunua membreni

Maji ya visima vingi vya pwani, iwe Kigamboni au Likoni, ukiyatazama ni safi, ukiyaonja ni chumvi. Mtu anafunga jikoni mashine ya RO, ile inayosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba uitwao membreni ili chumvi ibaki nyuma; mita ya TDS, ya kupimia chumvi na madini yaliyoyeyuka majini, inasoma 70, nyumba nzima inafurahi. Miezi minane baadaye mita inasoma 210. Fundi anaitwa, anasema membreni imekufa, anaweka mpya. Mwezi hauishi, mita imerudi 180.

Hapo membreni mara nyingi haina kosa. Kosa liko kwenye presha, au kwenye oringi (pete ndogo za mpira za kuzibia), au klorini imepita, au tenki linaisukuma mashine kinyume. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo: kwanza mambo yasiyo na gharama, membreni mpya baadaye kabisa. Mfano tutakaokwenda nao ni kisima chenye ppm 1,800 (yaani miligramu 1,800 za chumvi kwa lita) na mashine ya kawaida ya filta tatu za mwanzo, membreni ya GPD 75 (galoni kwa siku), tenki la presha chini ya sinki na filta ndogo ya mkaa mwishoni.

Vifaa

Mita ya TDS. Geji ya presha yenye psi (pauni kwa inchi ya mraba), pamoja na tii, kiungo cha njia tatu, ya robo inchi ya kuichomekea kwenye mpira wa maji. Jagi lenye alama za mililita. Matone ya kupimia klorini, yale yale ya kwenye mabwawa ya kuogelea. Spana ya kufungulia hausingi (makopo yanayobeba filta na membreni) inayokuja na mashine. Grisi ya silikoni isiyo na madhara kwenye chakula. Usiweke Vaselini, maana mafuta ya petroli huvimbisha na kuharibu mipira ya kuzibia.

Hatua ya 1: Pima mahali panne, siyo kwenye glasi tu

Funga koki ya tenki la presha ili maji yasiingie wala kutoka humo. Chomoa mpira unaotoka kwenye membreni kwenda kwenye tenki, uelekeze kwenye jagi. Washa mashine, iache ifanye kazi dakika 20. Kisha pima:

1. Maji yanayoingia, kabla ya filta yoyote.
2. Maji yanayotoka moja kwa moja kwenye membreni.
3. Maji ya kumwaga, yale yenye chumvi ambayo mashine inayatoa nje.
4. Maji ya bomba la kunywea, baada ya kurudisha mpira na kufungua tenki.

Suuza kikombe kwa maji yale yale unayotaka kupima kabla hujachovya mita. Tone moja la maji ya kisima lililobaki kikombeni linatosha kukudanganya.

Sasa piga hesabu ya kiasi kinachozuiwa: toa namba ya pili kwenye namba ya kwanza, gawanya kwa namba ya kwanza, zidisha kwa 100. Kama yanayoingia ni 1,800 na yanayotoka membreni ni 210, membreni inazuia asilimia 88. Ikiwa ni 72, inazuia asilimia 96, na hapo mashine haina ugonjwa. Ndiyo sababu namba ya kwenye glasi peke yake haina maana. Jirani anayetumia maji laini ya ppm 150 atapata 8, na membreni yake inaweza kuwa hoi kuliko yako.

Asilimia 98 iliyoandikwa kwenye kibandiko cha membreni ilipatikana kiwandani: maji ya ppm 250, presha psi 50, joto nyuzi 25. Kisima chako hakifanani na hayo. Asilimia 94 hadi 96 kwa maji ya 1,800 ni kazi nzuri. Chini ya 90, endelea na hatua zinazofuata.

Kama namba ya pili ni ndogo na ya nne ni kubwa, membreni iache. Tatizo liko mbele yake: kwenye tenki, au kwenye filta ya kuongeza madini, ambayo hupandisha mita kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake.

Hatua ya 2: Presha

Hapa ndipo penye mambo, na ndipo wengi wanaporuka.

Ndani ya membreni kuna safari mbili tofauti. Maji hupita kwa kusukumwa: presha ikiongezeka, yanapita mengi. Chumvi haisukumwi hivyo. Yenyewe hupenya polepole kwa sababu ni nyingi upande mmoja na chache upande wa pili, presha iwe kubwa au ndogo. Chukua mfano: miligramu 10 za chumvi zinapenya kila dakika. Presha ikiwa nzuri na maji yanayopita ni mililita 150, chumvi hiyo inakuwa ppm 67. Presha ikishuka, maji yakawa mililita 50, chumvi ile ile inakuwa ppm 200. Membreni ni ile ile, haina hata tundu.

Halafu chumvi yenyewe inadai kodi. Kwa makadirio ya fundi, kila ppm 100 hula psi 1 kabla tone la kwanza halijapita. Maji ya 1,800 yanakula psi 18, na kwa kuwa yanazidi kukolea yakielekea kutoka, weka 20. Sasa tazama tenki lililo juu ya mnara. Kila mita 10 za kimo hutoa takriban psi 14. Tenki likiwa mita 6 juu ya sinki, una psi 8 au 9. Hiyo haitoshi hata kulipa kodi. Mashine ya aina hii bila pampu haichuji, inadondosha tu.

Funga geji kwenye mpira unaoingia kwenye hausingi ya membreni, mashine ikiwa inafanya kazi. Kwa maji ya kisima cha pwani unataka psi 70 hadi 80. Kama hupati:

Ukiwa huna pampu, nunua ndogo ya volti 24 inayolingana na membreni yako. Pampu ya GPD 75 kwenye membreni ya GPD 100 itanguruma siku nzima bila kufikisha presha.

Ukiwa nayo na bado geji inasoma 45, anza na adapta. Pima volti wakati pampu inazunguka, siyo ikiwa imezimwa. Adapta chakavu husoma 24 ikiwa imepumzika, ikishikwa na mzigo inashuka 18. Adapta ikiwa nzima, hamisha geji kabla na baada ya filta tatu za mwanzo. Tofauti ikizidi psi 10, filta zimeziba, na kwa maji yenye udongo ya mwezi wa nne, baada ya masika kuanza, filta ya kwanza inaweza kuziba kabla ya miezi mitatu. Kilichobaki ni raba ya ndani ya pampu iliyochoka.

Kuna swichi ya presha ndogo mwanzoni mwa mashine, inayozima pampu maji yakikatika. Tenki la mnara likiwa chini sana swichi hiyo haipati presha ya kuiwasha, na fundi mwenye haraka huunganisha waya mbili na kuiruka. Usikubali. Siku tenki likikauka, pampu itazunguka kavu mpaka iungue. Afadhali kuinua tenki, au kuweka swichi ya boya ndani yake.

Umeme ukikatika je? Mashine yenye pampu inatakiwa kuwa na valvu ya umeme inayofunga maji umeme unapokwenda. Izime ukutani uangalie mpira wa maji ya kumwaga. Ukiendelea kutiririka, valvu imekwama na uchafu, ifungue uisafishe.

Hatua ya 3: Maji ya kumwaga yana kazi

Hakuna kinachowaumiza watu kama kuona maji yakienda kwenye shimo. Ndipo fundi anapoombwa "apunguze", na anapunguza kweli: anabana kile kizuio kidogo kwenye mpira wa kumwagia. Maji yanayopotea yanapungua, mita inapanda, na hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili.

Weka mpira wa maji safi kwenye jagi moja na wa kumwagia kwenye jingine, hesabu dakika moja. Membreni ya GPD 75 katika hali ya kiwandani hutoa mililita 197 kwa dakika. Kwa maji ya chumvi itatoa pungufu. Unachotafuta ni uwiano: kwa kila mililita 100 safi, za kumwaga ziwe 300. Kwa maji ya 1,800 na magumu, yaani yenye chokaa nyingi, 400.

Sababu ni hesabu tu. Ukivuna robo ya maji, yanayobaki yanatoka na ppm 2,400. Ukivuna nusu, yanatoka na 3,600. Membreni sasa inapambana na maji ya chumvi maradufu, inapitisha zaidi, na chokaa inaanza kuganda juu yake. Namba uliyoipata kwenye kipimo cha tatu inakuonyesha: kama maji ya kumwaga yanasoma zaidi ya mara moja na nusu ya yanayoingia, kizuio kimebanwa au kimeziba. Kibadilishe. Namba iliyoandikwa juu yake, 300 au 420, ni mililita kwa dakika.

Maji hayo yana matumizi: kudeki, kuflashi choo, kuoshea magari yasiyo na thamani sana. Mchicha usiumwagilie.

Hapa pia kuna hila moja ya kuuziwa. Mtu anaongezewa membreni ya pili kwa ahadi ya maji safi zaidi, kumbe imeungwa ili ipokee maji ya kumwaga ya ile ya kwanza. Muungano huo huongeza wingi, siyo usafi. Membreni ya pili inalishwa maji ya chumvi kuliko ya kisimani.

Hatua ya 4: Fungua hausingi ya membreni, tazama mipira ya kuzibia

Presha nzuri, uwiano mzuri, mita bado juu? Funga maji, funga tenki, fungua bomba la kunywea presha iishe. Fungua kifuniko, vuta membreni kwa koleo.

Upande unaoingia ndani kabisa una kijiti chenye oringi mbili ndogo. Hizo ndizo zinazotenganisha maji safi na machafu. Moja ikikunjwa wakati wa kuingiza, au ikikatwa na ukingo wa plastiki, maji ya kisima yanaingia moja kwa moja upande wa maji safi. Hesabu yake inatisha: tone moja la maji ya 1,800 katika kila matone 20 hupandisha mita kwa karibu 90. Hivi ndivyo membreni mpya inavyosoma vibaya tangu siku ya kwanza.

Mpira mpana wa kuzibia ulio upande wa kifuniko nao uwe umekaa sawa, mdomo wake haujapinduka. Ukiwa umepinduka, maji hupita pembeni ya membreni badala ya kupita katikati yake, na chumvi hukusanyika juu ya ngozi bila kusombwa.

Paka grisi ya silikoni kidogo, sukuma membreni moja kwa moja bila kuizungusha mpaka uhisi oringi zikiingia kwenye tundu lake kwa kukaza kidogo. Ikiingia kirahisi mno, haijafika.

Hatua ya 5: Klorini

Klorini hula ngozi ya membreni, na ikishaila haitengenezeki. Ishara yake ni tofauti na nyingine zote: maji yanatoka *mengi* kuliko zamani huku mita ikipanda. Chokaa hufanya kinyume, maji yanapungua na mita inapanda.

Maji ya bomba la mji yana klorini, na kuizuia ni kazi ya filta mbili za mkaa. Chukua maji baada ya filta ya mwisho ya mkaa, kabla ya membreni, weka matone ya kupimia. Rangi yoyote ikitokea, badilisha filta za mkaa leo, usingoje miezi sita itimie.

Wenye visima hudhani hili haliwahusu. Linawahusu siku moja kwa mwaka: siku ya kuosha tenki la juu kwa Jik, au kipindi cha kipindupindu watu wanapomwaga dawa ya klorini kisimani. Siku hiyo funga koki inayoingia kwenye mashine. Usiifungue mpaka tenki limejazwa na kumwagwa, na matone hayabadiliki rangi.

Hatua ya 6: Glasi ya kwanza asubuhi

Umepima saa moja asubuhi ukapata 190, ukapima saa mbili ukapata 75. Mita ni nzima. Mashine ikisimama usiku, maji hayasukumwi tena lakini chumvi inaendelea kupenya taratibu, na maji machache yaliyokaa ndani ya membreni yanakolea. Yakianza kutoka, ndiyo yanayotangulia kwenye tenki.

Nyumba inayochota glasi moja moja huwasha na kuzima mashine mara nyingi, na kila inapowaka inaingiza maji hayo mabaya. Acha tenki lishuke, kisha lijae kwa mkupuo. Wenye mashine zenye koki ya kusafishia membreni waifungue dakika mbili au tatu kila asubuhi. Maji hupita kwa kasi na kusomba chumvi iliyolala juu yake.

Tenki la presha nalo linarudisha nyuma. Likikaribia kujaa, linasukuma membreni kwa psi 30 hadi 40. Kwenye psi 80, ukitoa 20 za chumvi na 35 za tenki, umebaki na 25. Maji ya mwisho kuingia ndiyo machafu kuliko yote. Hakikisha hewa ya tenki, likiwa tupu kabisa, ni psi 5 hadi 7. Ipime kwa geji ya matairi kwenye valvu iliyo ubavuni au chini. Dawa bora zaidi kwa maji ya chumvi kali ni kuachana na tenki hilo na kuchuja kwenye ndoo safi ya chakula yenye kifuniko na boya, kwa sababu ndoo haina presha ya kurudisha. Ni jambo la kizamani, lakini mita inashuka siku hiyo hiyo.

Hatua ya 7: Kuosha au kubadilisha

Kama maji yamepungua na kisima ni kigumu, jaribu kuosha mara moja. Yeyusha gramu 20 za ndimu ya unga kwenye lita moja ya maji yaliyochujwa, zamisha membreni saa moja, irudishe, na umwage maji ya nusu saa. Hii huondoa chokaa na kutu, basi. Haiponyi iliyoliwa na klorini. Ikirudi kwenye asilimia 92 umeshinda. Ikibaki 85, nunua mpya.

Membreni mpya huja na dawa ya kuihifadhi. Mwaga matenki mawili ya kwanza, kisha pima tena mahali panne na uandike namba kwa kalamu ya wino mzito kwenye hausingi, pamoja na tarehe. Mwaka kesho utajua kama imechoka au unadanganywa.

Anayetaka sufuri kamili kwa ajili ya betri au samaki wa mapambo aongeze kopo la resini mchanganyiko, chembe zinazonasa chumvi iliyobaki, baada ya membreni, lakini ashushe kwanza namba ya RO. Resini inayolishwa maji ya 72 huisha karibu mara mbili kwa kasi ya inayolishwa 36. Kwa kunywa haina haja.

Yale ambayo mita haiyaoni

Mita inapima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Haijui ni chumvi ipi. Arusha, Kilimanjaro, Nakuru na Naivasha, tatizo siyo chumvi bali floridi, ile inayotia meno rangi ya kahawia na kupinda mifupa ya watoto. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kisima chenye miligramu 8, membreni ikizuia asilimia 90, unabaki na 0.8. Ikishuka hadi 80, una 1.6, umeshapita kiwango, wakati mita ya TDS inaonyesha namba ndogo inayopendeza. Maeneo hayo ibadilishe membreni mapema, na upeleke chupa maabara kila mwaka. Filta ya mkaa wa kawaida haiondoi floridi hata kidogo.

Vijidudu navyo mita haivioni. Membreni nzima huvizuia, ila tenki na mipira iliyo mbele yake huota utelezi. Mara moja kwa mwaka ondoa filta zote na membreni, funga hausingi zikiwa tupu, changanya mililita 15 za Jik isiyo na manukato kwenye lita 5 za maji, zijaze hausingi na tenki, subiri nusu saa, kisha suuza mpaka matone ya klorini yasibadilike rangi. Membreni hurudi ya mwisho, baada ya matone.